Wodi ya kujifungulia imejengwa lakini imefungwa. Bajeti hii ya Juni tunaiingiaje?

MamaWaNyika

Hamjambo wenzangu. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama, kijiji cha ndani kwenye mojawapo ya zile kaunti sita za Pwani ya Kenya. Jina la kaunti na la wadi nayaacha. Sitaki mtu yeyote aitwe ofisini kwa maneno yangu, nataka kuonyeshwa njia.

Zahanati yetu ina muuguzi mmoja. Ndiye anayetibu malaria, ndiye anayedunga watoto chanjo, ndiye anayepima wajawazito, na jioni hufunga akaenda kupumzika kama binadamu yeyote. Ubavuni mwa zahanati hiyo kaunti ilijenga wodi ya kujifungulia. Jengo zuri la mawe, limepigwa rangi, lina baraza ya kukaa wagonjwa na tangi kubwa la maji ambalo halijaunganishwa na bomba lolote. Siku ya kukabidhi funguo watu walipiga picha, na tangu siku hiyo kufuli haijatoka mlangoni. Ukichungulia dirishani unaona sakafu tupu. Hata kitanda kimoja hamna.

Mama akishikwa na uchungu usiku, ni bodaboda mpaka hospitali ya kaunti ndogo, njia ya mchanga inayokata mto wa mvua mara mbili. Masika kama haya mto ukijaa, mnakaa ng'ambo mkingoja maji yapungue huku mgonjwa analia. Mwaka huu mwenzetu mmoja alijifungulia pale pale ukingoni, tukamzungushia leso. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu, lakini sitaki kuliona tena jambo lile.

Sasa linaloniuma ni hili. Juzi tu ndipo tulipopata habari kwamba mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya mwaka ujao umekwisha kufanyika makao makuu ya wadi. Tangazo lilitoka gazetini na kwenye tovuti, kwa Kiingereza. Gazeti huku halifiki, na sisi wakati huo tulikuwa shambani tunapalilia. Walioketi pale ni watu wa kituoni, pale penye maduka, wakaomba taa za barabarani. Taa si jambo baya, ila sisi hatukuwapo kusema letu.

Je, ndio tumeshachelewa mpaka mwaka mwingine? Na tukipata nafasi, tuombe kwa maneno gani? "Mtufungulie wodi" yatosha? Na habari za mikutano hii tutazipata wapi kabla haijapita? Anayejua anisaidie, kundi zima linasubiri jibu.

MsimamiziMstaafu

Mama, salaam kwako na kwa wenzako. Nilikuwa msimamizi wa wadi, si kaunti yenu, lakini utaratibu ni mmoja kote.

Hamjachelewa. Mkutano uliowapita ulikuwa wa upande wa gavana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inautaka upande huo ufikishe makadirio kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kuanzia hapo karatasi zinakuwa mikononi mwa wawakilishi wadi, na kamati ya bajeti nayo inatakiwa kusikiliza wananchi kabla ya kuandika ripoti yake. Kazi hiyo hufanyika Mei hii mpaka mapema Juni, kwa kuwa bajeti yapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Msingoje mkutano mwingine. Andikeni maoni yenu, myapeleke kwa Karani wa Bunge la Kaunti, mkitaja juu kabisa kwamba ni maoni kwa kamati ya bajeti kuhusu makadirio ya mwaka huu. Maoni ya maandishi ni maoni sawasawa na ya mtu aliyesimama ukumbini.

Kuhusu maneno ya kuomba, hapo nitakaa kidogo, maana ndipo vijiji vingi vinapopotezwa.

Bajeti ina mafungu mawili, maendeleo na matumizi ya kawaida. Jengo linatoka kwenye maendeleo. Mshahara wa muuguzi, dawa na bili ya umeme zinatoka kwenye matumizi ya kawaida. Mkisema "wodi", ofisa atafungua kurasa za maendeleo, ataona imeandikwa "imekamilika", atapita. Kwake yeye kazi imeisha. Tena sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinazuia mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimekwisha kuivuka hiyo 35. Ndiyo sababu ukuta hupata fedha upesi na mtu wa kufanya kazi ndani ya ukuta huo hapati. Nimekaa katika vikao ambapo wote mezani tulijua jengo litakosa mhudumu, na likapitishwa, kwa sababu jengo lina siku ya kuzinduliwa. Lilinisikitisha wakati ule na linanisikitisha mpaka leo.

Kwa hiyo tenganisheni. Vitanda na vifaa viombwe peke yake. Kuunganisha maji na umeme kuombwe peke yake. Wauguzi waombwe peke yake, mkitaja Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa kuwa ndiyo inayoajiri. Na muulize Idara ya Afya kama inaweza kuwahamishia muuguzi kutoka kituo chenye wengi, maana kuajiri upya huchukua muda.

NesiWaPwani

Mama, pole sana. Na huyo muuguzi wenu mpeni salamu zangu, najua anayopitia.

Naongeza yanayosahauliwa. Muuguzi mmoja akiongezwa mtapata wodi ya mchana tu, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Hesabuni zamu ya mchana, zamu ya usiku, siku za mapumziko na likizo, ndipo mtaje idadi.

Pili, umeme. Dawa ya oksitosini, ile sindano anayodungwa mama mara tu mtoto anapotoka ili asivuje damu nyingi, inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Bila friji inayofanya kazi inapungua nguvu, na kutokwa na damu ndiko kunakoua wazazi wengi. Kwa hiyo andikeni "umeme wa jua na friji ya dawa". Mkiandika "umeme" peke yake mtaletewa taa mbili.

Tatu, shimo la kondo. Wodi haiwezi kufunguliwa bila mahali salama pa kutupa kondo la nyuma. Nendeni mkaangalie kama lilichimbwa. Mimi nimeona majengo yaliyokamilika, hata vigae vimewekwa, na shimo hakuna. Halafu kuna kitanda chenyewe cha kujifungulia (si kile cha kawaida cha wodini), chombo cha kutakasia vifaa, na mpira wa kumpulizia pumzi mtoto asiyelia. Muulizeni muuguzi wenu awape orodha, anaijua kwa moyo.

Na ulizeni nani wako kwenye kamati ya zahanati. Tangu sheria ya 2023 ya fedha za vituo vya afya, mapato ya kituo yanapaswa kubaki kwenye kituo chenyewe. Wodi ikifunguliwa na kusajiliwa na SHA, yaani bima ya afya ya serikali, itakuwa na mapato, na wakazi walio kwenye kamati wana haki ya kujua yanakwenda wapi. Hakikisheni kuna mama humo.

KijanaWaKituoni

Shangazi, shikamoo. Mimi ni wa kituo kama hicho chenu, na ni miongoni mwa walioomba taa kwenye mkutano wa wadi yetu. Sikuomba kwa kuwa sijali wodi. Naendesha bodaboda, wenzangu wananyang'anywa pikipiki gizani. Lakini ndio sisi sisi tunaobeba kina mama usiku. Nimewahi kumbeba mama mmoja na mamake nyuma amemshikilia, nikaendesha polepole huku nimelowa jasho. Kwa hiyo wafuateni vijana wa steji yenu, nao watie sahihi. Mwakilishi wadi akiona akina mama na bodaboda kwenye karatasi moja hataiweka kando.

Kuhusu habari, kwetu tumefanya hivi. Matangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya msimamizi wa wadi na kwa chifu. Kila anayepeleka abiria pale anapiga picha ubao, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la steji. Mmoja aliyesoma anasema kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa kuwa wazee hawasomi picha. Hiyo sauti ndiyo inayofika sokoni, kwa imamu na kwa pasta. Mkutano wa mwisho watu wa ndani walijaa.

Ila mimi nauliza mzee mstaafu: karatasi zote hizi, na wakinyamaza? Si afadhali twende moja kwa moja kwenye mlango wa mwakilishi wadi, tukae pale mpaka atoke?

MsimamiziMstaafu

Mwanangu, nendeni, ni haki yenu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka ardhilhali. Lakini mkienda mikono mitupu atawaambia "nitafuatilia", na mtarudi nyumbani bila kitu cha kumshikia. Mkienda na karatasi iliyopokelewa, mazungumzo ni mengine.

Wakinyamaza, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Asiyejua kuandika akieleza kwa mdomo, ofisa analazimika kuandika kwa niaba yake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, mtalipa gharama ya nakala tu. Wakikataa, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambayo ina ofisi Mombasa.

Nawashauri muombe mkataba wa ile wodi pamoja na orodha ya kazi na vifaa vilivyolipiwa. Nasema hivi kwa sababu ya lile tangi. Kama kuunganisha maji kulikuwa ndani ya mkataba, basi hilo halihitaji bajeti mpya hata kidogo, ni deni la mkandarasi. Kwa kawaida sehemu ya malipo yake huzuiwa mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, na kama bado hakijaisha, kaunti ina cha kumbana nacho. Kama halikuwemo, mtajua mnaomba kitu kipya. Na kama vitanda vilikuwa kwenye orodha, mna swali jingine kabisa la kuuliza.

Jambo la mwisho kwa mwaka unaofuata. Kufikia 1 Septemba kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka. Mradi usiomo kwenye mpango huo hupata shida sana kuingia kwenye bajeti. Mikutano yake huwa na watu wachache, wengi hudhani ni mapema mno, kumbe ndipo orodha inapotungwa. Julai na Agosti waambieni vijana wa steji waangalie ubao kwa makini zaidi.

MamaWaNyika

Mungu awabariki nyote. Tumekutana jana chini ya mwembe, tukasomeana majibu yenu. Tumekwenda kuangalia nyuma ya wodi: shimo la kondo halipo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Muuguzi ametuandikia orodha ya vifaa, amefurahi mpaka akataka kulia, anasema hajawahi kuulizwa. Vijana wa steji wamekubali kutia sahihi, na mmoja amejitolea kutupeleka makao makuu bila nauli.

Hii ndiyo rasimu yetu, naomba mtusahihishe:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Haya ni maoni yetu kwa kamati ya bajeti kuhusu makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Sisi ni wakazi tunaotumia zahanati iliyotajwa hapa. Wodi ya kujifungulia ilijengwa na kukabidhiwa, lakini haijapokea mzazi hata mmoja. Tunaomba: kitanda cha kujifungulia na vifaa vilivyo kwenye orodha ya muuguzi iliyoambatishwa, umeme wa jua na friji ya dawa, kuunganishwa kwa tangi la maji, shimo la kondo, na wauguzi wa kutosha zamu ya mchana na ya usiku. Mto ukijaa hatuwezi kufika hospitali. Tunaomba mwenzetu mmoja aitwe mbele ya kamati aeleze."

Swali langu moja limebaki. Wapo mama zetu wasiojua kuandika. Waweke dole gumba?

MsimamiziMstaafu

Waweke dole gumba, na pembeni jina kamili na nambari ya kitambulisho, aandike mtu mwingine. Rasimu ni nzuri, msiibadilishe iwe ya kisheria. Pale kwenye wauguzi tajeni idadi, kama alivyosema Nesi, kwa sababu "wa kutosha" kila mtu atausoma apendavyo. Lile la tangi andikeni "ikiwa halikulipiwa katika mkataba wa ujenzi", kaunti isije ikalipia tena kazi iliyokwisha kulipwa. Taja pia nambari ya simu ya mtu mmoja wa kupigiwa, na awe mtu ambaye simu yake haizimwi.

Tengenezeni nakala mbili. Moja inabaki kwa Karani. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe hapo hapo dirishani, msiondoke bila muhuri huo. Kisha ipigeni picha nakala hiyo, mmtumie mwakilishi wadi, naye aione siku hiyo hiyo.