Naomba ushauri: moto wa kambi usio na kazi nyingi, twaenda Tiwi

Baba_Mapacha
Waungwana, salaam aleikum. Disemba iliyopita nilipeleka familia kulala kwenye hema ufukweni Tiwi, kusini mwa Mombasa. Nyota zimejaa, bahari yavuma kwa mbali, na mimi tangu magharibi nimeinama napuliza kuni mbichi kama mfua chuma. Saa tatu nikachoka, nikamwaga mafuta taa. Moto uliwaka, lakini mihogo ilinuka mafuta mpaka mapacha wakakataa kula. Mke wangu hadi leo akiniona na kiberiti hucheka. Tunarudi Disemba hii. Sitaki moto wa kuchoma ng'ombe. Nataka nikiwasha uwake, niketi ninywe kahawa yangu, na wakati wa kulala nizime mara moja. Nifanyeje?

Mkunanazi
Kosa lako ni kutafuta kuni ulikofikia. Kuni hutoka nazo nyumbani, ndugu yangu. Pitia kwa wauza nazi soko la Kongowea, jaza vifuu vikavu nusu gunia. Kifuu kikikauka hakina moshi wa maana na moto wake ni mkali. Vifudikize kimoja juu ya kingine kama kofia, uvipange minara mitatu midogo iegemeane, chini uweke karara (lile ganda la ua la mnazi) lililochanwachanwa. Kiberiti kimoja tu. Vikishakuwa makaa, ndipo uweke mihogo, si wakati ndimi za moto zinaruka.

Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, nayo chukua machache. Hayo hufuka zaidi kuliko kuwaka, kwa hiyo weka moja pembeni mbu wakianza.

Tumbo_Mbele
Mahindi pia usisahau. Na ndimu na pilipili.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, hakuna aliyekuuliza upepo. Disemba ni kaskazi. Hema liwe joshini, upepo unakotoka, moto demani, upepo unakoelekea, hatua kumi au zaidi kati yao. Ukikosea hapo, cheche moja ya kuti hutoboa hema. Kwa ajili hiyo makuti mimi siyataki kabisa, yanaruka kama fataki, na huko mabanda mengi yameezekwa makuti vilevile.

Tena tazama mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo, maji ni bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na hujaa alfajiri mkiwa usingizini. Mstari wa mwani mkavu utakuonyesha maji hufika wapi. Panda juu yake.

Dada_wa_Likoni
Mie nawasha ndani ya karai. Ndiyo, lile lile la viazi karai, ila langu limezeeka. Naliinua juu ya vipande vitatu vya tofali, si mawe ya ufukweni, maana jiwe lililonywa maji hupasuka likipata moto. Sichimbi shimo na siachi jivu mchangani.

Kuzima: maji ya bahari, ndoo nzima, koroga, mimina tena, shika kwa nyuma ya kiganja. Usifukie kwa mchanga hata siku moja! Makaa hubaki hai chini, juu huoni kitu. Mpwa wangu alikanyaga asubuhi, tukarudi mjini kabla ya chai.

Mkunanazi
Kweli kabisa, na makaa ya vifuu hukaa sana chini ya jivu.

Baba_Mapacha
Nashukuru sana. Pale kuna mivinje mingi, matawi yameanguka yenyewe. Yafaa?

Nahodha_Mstaafu
Mvinje ni bingwa, huwaka hata haujakauka sawasawa. Ndio mti uliokubali kuota kwenye machimbo ya saruji kule Bamburi mwaka 1971, palipo hifadhi ya Haller Park leo, mahali ambapo watu walidhani hapaoti kitu. Okota yaliyoanguka, na zile sindano zake kavu ziwe za kuwashia. Mikoko usiguse. Mbao za dau kuukuu zenye rangi pia ziache, moshi wake ni sumu. Na ukiona kasa amepanda kutaga au vitoto vyake vinatoka, zima moto upesi, mwanga huvipoteza njia ya baharini.

Baba_Mapacha
Basi karai ninalo, vifuu nitapitia Ijumaa kabla ya feri. Mafuta taa yanabaki nyumbani.

Mama_Mapacha
Nimeusoma uzi wote. Kiberiti nitashika mimi.