Mbwa wa jirani wanajisaidia kwenye ukoka wangu, nifanyeje?

Habarini wakuu, naombeni ushauri. Niko Mbezi Beach hapa Dar, nje ya geti nimepanda ukoka mpaka kwenye mtaro, naumwagilia mwenyewe na shida ya maji mnaijua. Sasa jirani ana mbwa wawili wakubwa, kijana wake wa kazi anawatembeza kila asubuhi wakifika kwangu ndo wanajisaidia hapohapo, yeye anaangalia tu halafu huyoo. Mkojo umeshachoma nyasi mabaka mabaka maana naitrojeni inazidi, ila hilo nimemezea, kinachoniuma ni kinyesi, watoto wa mtaa wanacheza pale peku na kuna minyoo ya mbwa inapenya ngozi kabisa inatambaa chini kwa chini, inawasha balaa. Kijana nilimwambia kistaarabu abebe mfuko, akasema bosi hajamwagiza. Mzee mwenyewe namheshimu sana, misiba tunazikana, sitaki tununiane. Nikamgongee nimwambie laivu au nipitie kwa mjumbe? Halafu ile sehemu iko nje ya ukuta, ni hifadhi ya barabara, kweli nina haki ya kukataza? Na aliyewahi kuzungushia michongoma, ilisaidia?