Jasi ya Makanya: tani zinapotea kwenye programu

Karani wa mizani, Moshi:
Wakuu, habari za kazi. Napakia jasi (gypsum) Makanya, wilayani Same. Jumanne lori limetoka na tani 30.2, mteja kapima 29.6. Programu yetu ya mizani ikaandika "upungufu" na kuizuia shehena, bosi ananitazama kama nimeuza njiani! Turubai lilifungwa vizuri, ila usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kwenye lundo la jasi. Halafu unyevu: maabara yetu asilimia 19, ya mteja 3. Nani mwongo?

Fundi maabara:
Pole. Mlikausha kwa nyuzi 105, sivyo? Jasi si mchanga, ndugu. Ina maji ndani ya fuwele zake, karibu asilimia 21 ikiwa safi, na joto hilo linayatoa. Kausha kwa nyuzi 45 mpaka uzito usibadilike. Hizo kilo 600 huenda ni maji ya mvua yaliyochuruzika barabarani.

Mzee wa malori, Arusha:
Programu iwe na uzito mbichi na mkavu, kila lori na namba yake ya sampuli. Sisi tulichanganya lori nne sampuli moja, tukagombana mwezi mzima. Na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani ni ya lini?

Karani wa mizani:
Ni 105 kweli, jamani. Stika naenda kuitazama sasa hivi.