Seva ya akiba inakataliwa, ilhali psql inaingia

Fundi_Kijitonyama
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Nina seva kuu ya PostgreSQL 15 (mfumo wa kanzidata) hapa Kijitonyama na seva ya akiba Mbezi, ambayo nataka ipokee kila badiliko ili upande mmoja ukizimika kazi iendelee upande wa pili. Kutoka Mbezi, psql (programu ya kuingilia kanzidata) inaingia vizuri kupitia poti 5432, lakini pg_basebackup (ya kunakili seva nzima) inakataliwa papo hapo, ikidai kwamba pg_hba.conf, faili la kuruhusu nani aunganike, haina mstari wa kuiruhusu. Mstari upo: host all all 10.20.2.5/32 scram-sha-256. Ikiwa "all" ni zote, mbona nakataliwa?

Mzee_wa_Seva
Neno "all" la kwanza, katika safu ya kanzidata, lina maana ya kanzidata zote, lakini muunganisho wa kunakili seva nzima haulengi kanzidata yoyote, kwa hiyo haumo. Uandikie mstari wake: host replication nakala 10.20.2.5/32 scram-sha-256, ambapo "nakala" ni mtumiaji mwenye haki ya REPLICATION. Kisha endesha SELECT pg_reload_conf() ili seva isome faili upya. Wala huna haja ya kuizima seva watu wakiwa kazini. Seva ya akiba ikishawaka, tazama pg_stat_replication, orodha ya seva zinazonakili, kwenye seva kuu. Ukiona "streaming", imeshika.

Binti_Mbagala
Naomba kuongezea, maana hapa ndipo nilipoumia mimi. Kwenye Ubuntu faili hiyo ya pg_hba.conf hukaa /etc/postgresql, nje ya saraka ya data, hivyo pg_basebackup haiichukui. Siku seva ya Mbezi itakapopandishwa kuwa kuu, ya Kijitonyama itagonga mlango na kukataliwa vilevile, kwa hiyo andika mistari ya anwani zote mbili pande zote mbili leo, kabla ya usiku wa dharura. Programu inayotumia kanzidata nayo ipe anwani zote mbili, host=10.20.1.5,10.20.2.5 pamoja na target_session_attrs=read-write, ili iitafute yenyewe seva inayokubali kuandikwa. Na kama umetumia replication slot (alama ya seva kuu inayokumbuka seva ya akiba imefikia wapi), weka kikomo cha max_slot_wal_keep_size, kwa kuwa bila kikomo seva kuu huendelea kutunza WAL (faili za kumbukumbu za mabadiliko) muda wote Mbezi ikiwa haipatikani, hadi diski ijae.

Fundi_Kijitonyama
Nashukuruni sana. Mstari wa replication umekubali. Kuhusu slot, nimekuta kikomo ni -1, yaani hakuna kikomo, na diski imebakiwa na GB 11, kwa hiyo naanzia hapo.