Naomba ushauri: je, kila jaribio la darasani liingie kwenye alama ya mwisho?

Mwalimu wa Hesabu:
Salaam walimu wenzangu. Kwa utaratibu tulionao, alama ya muhula ni wastani wa majaribio yote. Nina wanafunzi wawili waliopata 55. Mmoja alianza na 20, akapanda hadi 45, 70 na 85. Mwingine alianza na 60, akapata 55 mara mbili, akamalizia na 50. Sioni vipi alama moja inaweza kuwaeleza wote wawili. Hata hivyo, nikiyaondoa majaribio ya wiki kwenye hesabu, nachelea kwamba hakuna atakayejishughulisha nayo. Nifanyeje?

Mkufunzi:
Mwalimu, hapo upimaji endelezi, ambao kazi yake ni kuonyesha mwanafunzi amekwama wapi wakati bado kuna nafasi ya kumsaidia, umegeuzwa kuwa upimaji tamati, yaani ule wa kutoa alama ya mwisho, wa vipande vipande. Mtaalamu wa tathmini Michael Scriven alizitofautisha kazi hizo mbili tangu 1967, alipoandika kuhusu tathmini ya mitaala. Mwanafunzi anayeandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5 kajumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Ukimpa sifuri, hajui alipopotea. Ukimuuliza imekuwaje jumla ikawa ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, atarudi kwenye swali mwenyewe.

Chaki Nyeupe:
Nakubali, ila tusiuegemee mtihani mmoja wa mwisho kupita kiasi, kwa sababu mtoto anaweza kuamka mgonjwa siku hiyo. Mimi ningeacha jaribio la mwisho la kila mada lifute yaliyotangulia ya mada hiyo. Aliyeanza na 20 hataadhibiwa kwa kutojua kile ambacho alikuwa bado hajafundishwa vizuri.

Mkufunzi:
Hilo ni sawa, mradi maswali ya jaribio la mwisho yawe na uzito uleule.

Daftari:
Kuhusu hofu ya kwamba hawatajishughulisha: katika utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988, wanafunzi waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na waliopewa vyote viwili hawakunufaika na yale maoni. Kwa hiyo rudisha kazi ikiwa na maoni tu, na alama uitoe baada ya masahihisho. Kama darasa ni kubwa, wasahihishane wenyewe kwa mwongozo uliouandaa, kisha wewe upitie madaftari machache kila mara.

Mwalimu wa Hesabu:
Nashukuruni sana. Nitaanza na mada ya sehemu: majaribio ya wiki yatapata maoni, na jaribio la kufunga mada ndilo litakaloingia kwenye alama. Je, wazazi wanaotaka kuona namba kila wiki niwaeleze vipi?

Chaki Nyeupe:
Waonyeshe kosa la wiki iliyopita na sahihisho lake katika ukurasa mmoja. Wengi wao huridhika.