Tupeane uzoefu: zebaki, sianidi na marudio ya dhahabu Kanda ya Ziwa

Mchenjuaji Mkongwe
Wakuu, mvua zimeanza, na mvua zikianza kitu cha kwanza kukumbukwa ni marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu. Malundo yale pembeni ya mialo ya kuoshea dhahabu yanaanza kutembea kuelekea mtoni. Tuanzie hapa: zebaki tunayonasia dhahabu inapotelea wapi?

Kinachoharibu zaidi ni kuitia ndani ya karasha, mashine ya kusagia, pamoja na mawe. Vyuma vinaisaga inakuwa matone madogo mno, yamejipaka udongo na hayaungani tena. Yanaondoka na maji, na yanabeba dhahabu yako. Anayeosha kwanza kwenye ubao wa mazulia, akachanganya zebaki na ule mchanga mzito peke yake kwenye beseni, anatumia sehemu ndogo tu ya zebaki ya mwenzake. Halafu kuna moshi. Donge la dhahabu na zebaki ukishalikamua kwa kitambaa, karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Inachemka kwa nyuzi 357, kwa hiyo ukichoma kwenye kikaango wazi karibu yote ya hiyo nusu inapaa, inatua kwenye mapaa, bustani na matangi ya maji ya mvua.

Haya, mwageni mnayoyajua.

Karasha Namba Tatu
Umenena mkuu. Na anayechoma utamkuta kakaa upande unakoelekea upepo.

Fundi Retoti
Hapo kwenye kuchoma ngoja niseme kwa kirefu, maana retoti (chungu kilichofungwa cha kuchomea donge na kuinasa zebaki) nyingi za vichochoroni ni bomu.

Tumia chuma cheusi, chungu chake na bomba lake. Bomba la mabati halifai, zinki ikipata moto inatoa moshi wake. Shaba nayo inashikana na zebaki, inaoza. Kifuniko kikazwe kwa skrubu, bomba la kutokea liiname kushuka chini na lipoozwe kwa maji au matambara mabichi. Sasa ncha ya bomba: ISIZAME majini. Moto ukipungua, hewa ndani inasinyaa na kuyanyonya maji hadi kwenye chungu chenye moto, yanageuka mvuke ghafla na chungu kinapasuka. Iache ncha juu kidogo ya maji, ifunge kitambaa kilicholowa ambacho mwisho wake unagusa maji. Anza na moto mdogo, ongeza taratibu, usifungue kabla chuma hakijapoa kabisa. Ikiwa imefungwa sawasawa, zaidi ya asilimia 90 ya zebaki inarudi mkononi.

Kijana wa Duara
Nadharia tamu hizo kaka. Dhahabu ya retoti inatoka nyeusi kama mkaa, mnunuzi anakata bei. Nani atakubali?

Fundi Retoti
Weusi huo ni uso tu, chuma na uchafu kidogo. Iyeyushe na boraksi, unga unaobeba uchafu, inarudi rangi yake. Ila yeyusha chini ya dohani yenye kichujio cha kaboni, maana hata dhahabu iliyochomwa vizuri bado imebaki na asilimia kadhaa za zebaki. Ndiyo maana maduka ya dhahabu katikati ya mji yanachafua hewa kuliko watu wanavyodhani.

Kijana wa Duara
Dohani yenye kichujio! Mwambie mnunuzi kwanza anunue feni.

Mama Maabara
Mmesahau hatua inayofuata, na ndiyo mbaya zaidi: marudio yenye zebaki kupelekwa kwenye vati za sianidi, matangi ya kuloweka marudio ili dhahabu iliyobaki iyeyuke. Sianidi haiyeyushi dhahabu peke yake, inayeyusha na zebaki. Kilichokuwa tone zito lililotulia kwenye udongo kinakuwa kitu cha majini kinachosafiri. Kingine kinanaswa na kaboni, mkaa wa kunasia dhahabu, pamoja na dhahabu yenyewe, na kaboni ikichomwa kinatokea kwenye bomba la moshi. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imeuridhia, unataja hili waziwazi katika mambo manne ya kukomeshwa kwa wachimbaji wadogo: zebaki kutiwa kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma wazi, kuchoma kwenye makazi, na sianidi juu ya marudio ambayo zebaki yake haijatolewa.

Vati yenyewe inataka nidhamu. Shikilia pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) kati ya 10 na 11 kwa chokaa, na chokaa iingie kabla ya sianidi. Ikishuka hadi karibu 9.2, nusu ya sianidi huru imeshageuka gesi na anayeivuta ni mlinzi wa usiku. Udongo wenye pairiti (madini ya chuma na salfa) unakula chokaa haraka, kwa hiyo kupima asubuhi peke yake hakutoshi. Acha nafasi juu ya vati kwa ajili ya mvua, weka karatasi ya plastiki nzito chini, na uzio unaozuia ng'ombe. Bwawa la wazi la topesumu (tope la marudio lenye sianidi), kanuni ya kimataifa ya sianidi imeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa sianidi inayoachana na metali kirahisi, kwa sababu ya ndege na wanyama.

Asiyejali
Mnatishana bure. Jua linaimaliza sianidi yenyewe. Una haraka? Mwaga asidi kidogo au klorini, kwisha habari.

Mama Maabara
Ndugu yangu, ukimwaga asidi unatengeneza gesi ya kuua. Klorini inafanya kazi pale tu pH inapokaa juu ya 10; ikishuka unapata sianojeni kloridi, nayo ni sumu. Na haiigusi sianidi iliyoshikana na chuma. Jua linasafisha tabaka la juu. Lundo ndani lina giza na unyevu, huko inakaa.

Asiyejali
Sawa mwalimu. Asidi nimefuta, jua nimebakiza.

Mchanga Mweupe
Na mchanga wa ujenzi je? Mto ukichimbwa kitako, kitako kinajikata kuelekea mto unakotoka, nguzo za daraja zinabaki wazi na visima vya kando vinashuka. Makueni kule Kenya walitunga sheria ya kaunti mwaka 2015.

Karasha Namba Tatu
Fungua uzi wako mkuu, hapa ni dhahabu.

Mchanga Mweupe
Mto ni uleule! Na sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo, haichagui dhahabu wala mchanga.

Daktari wa Zahanati
Mkimaliza kugombana, someni Zamfara, Nigeria, 2010. Dhahabu ya kule ilikuwa kwenye mawe yenye madini ya risasi. Mawe yakasagwa uani kwa mashine za kusagia, vumbi likatanda sakafuni, watoto wanatambaa na kuweka vidole mdomoni. Wakaanza kupata degedege. Malaria ikashukiwa. Vijiji viwili vilipopimwa, asilimia 97 ya watoto waliopimwa walikuwa na mikrogramu 45 za risasi au zaidi kwa desilita ya damu. Waliokufa katika jimbo lile wanahesabiwa kuwa zaidi ya 400.

Cha kujifunza kiko kwenye mpangilio: Madaktari Wasio na Mipaka hawakuanza dawa ya kutoa risasi mwilini kabla nyumba hazijasafishwa, kwa sababu mtoto angerudi kwenye sumu ileile. Walikwangua udongo wa juu, wakaufukia shimoni, wakaweka udongo safi. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi 2013.

Kijana wa Duara
Duh. Kwetu risasi ipo?

Daktari wa Zahanati
Inategemea mwamba. Ukiona madini ya kijivu, mazito mno, yanang'aa na kuvunjika vipande vya mraba, hiyo ni galena, peleka maabara. Huku ukisubiri majibu: karasha mbali na makazi, saga kwa maji, nguo za kazi zisiingie ndani. Kuwachemshia watoto maziwa kuondoa sumu ni hadithi.

Karasha Namba Tatu
Huo uzi umetekwa, lakini sawa.

Mchenjuaji Mkongwe
Nani ana uzoefu na maji mekundu kama kutu yanayotoka kwenye vifusi?

Mama Maabara
Pairiti imekutana na hewa na maji, imezaa asidi, na asidi inabeba aseniki na shaba. Hesabu yake: kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti inataka kilo 31.25 za chokaa mawe kwa tani moja ya kifusi. Kumwaga mawe ya chokaa mferejini peke yake hakusaidii sana, yanajipaka kutu na kulala. Dawa ni kuinyima hewa: mfinyanzi ulioshindiliwa juu, na mfereji wa kukwepesha maji ya mlimani kabla hayajafika.

Asiyejali
Samaki tuache kula?

Daktari wa Zahanati
Hapana. Vipimo vingi vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuta zebaki chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo. Ila sangara mkubwa anakula wenzake, anakusanya kuliko dagaa na sato. Mjamzito achague hao wadogo.

Asiyejali
Dagaa basi. Na sangara mniachie mimi.