Mjadala: Wavulana na wasichana wa shule ya msingi wasomee vyumba tofauti?

Mzazi, Manyatta, Kisumu

Wazazi wenzangu, Jumamosi tulitoka kwenye mkutano wa shule bila kuelewana, ndiyo maana nauleta mjadala huu hapa. Gredi ya 5 ya binti yangu ina watoto 82 katika chumba kimoja. Sasa shule imepata mwalimu wa ziada, na stoo imeondolewa viti vibovu ili iwe darasa. Mwalimu mkuu anataka wasichana wahamie huko, wavulana wabaki. Anasema wasichana wanaona haya kujibu mbele ya wavulana, na wavulana wakiwa peke yao watashikika vizuri. Wengi waliunga mkono. Mimi napinga.

Kwamba wasichana wanaona haya, sikatai. Mwezi uliopita niliomba kukaa nyuma ya darasa hilo somo zima la hesabu. Swali lilikuwa theluthi mbili ya 24. Binti wa dawati la tatu alikuwa ameshaandika 16. Akainua mkono, ukafika usawa wa sikio, ukarudi mezani. Nyuma yake wavulana walikuwa wamesimama kabisa, wanapiga vidole, "Mwalimu! Mwalimu!" Akachaguliwa mmoja, akasema 8. Akachaguliwa mwingine, mvulana tena, akasema 12. Mwalimu akaandika jibu mwenyewe ubaoni, akaendelea. Kengele ilipolia, wavulana walikimbilia uwanjani na wasichana wakachukua mafagio.

Kando ya dirisha kulikuwa na mvulana mpole ambaye hakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Huyo naye tukimwacha na wapiga vidole arobaini, nani atamsikia?

Ndiyo maana nasema aliyemnyamazisha yule binti ni mkono unaochagua nani ajibu, na mkono huo ni wa mtu mzima. Hata si jambo la Kisumu peke yake. Miaka ya 1990 Barbara Mensch na Cynthia Lloyd walichunguza shule 36 za msingi katika wilaya za Nakuru, Kilifi na Nyeri. Uonevu wa wavulana waliukuta, lakini walikuta pia kwamba walimu wenyewe hawakuwatendea wasichana sawa na wavulana. Ukuta hauwezi kumbadilisha mwalimu.

Baba wa watoto watatu, Kondele

Mama, nimekusoma kwa heshima, lakini tazama shule zetu za sekondari zinazosifika. Maseno ni ya wavulana tangu wamishonari walipoianzisha mwaka 1906. Ng'iya ni ya wasichana. Dada yangu alitoka shule ya mchanganyiko hawezi kusema mbele ya watu, akaingia ya wasichana, leo anaongoza vikao kazini. Kama inafaa sekondari, kwa nini isifae Gredi ya 5?

Mzazi, Manyatta

Baba, nafurahi kwa ajili ya dada yako. Ila shule hizo zilikuwa zikichagua watoto kwa alama za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla hawajaingia langoni. Zilipokea waliofaulu, zikawapa maabara, maktaba na walimu wa kila somo, kisha sifa yote tukaipa jinsia. Erin Pahlke na wenzake mwaka 2014 walikusanya tafiti 184 kutoka nchi 21, zenye wanafunzi milioni 1.6. Pale tafiti zilipozingatia vizuri tofauti zilizokuwapo tangu mwanzo, kama hizo za alama na uwezo wa nyumbani, faida ya kutenganisha ilikuwa ndogo mno au haikuonekana kabisa.

Mama wa Gredi ya 6, Nyalenda

Mimi naunga mkono kutenganisha, na sababu yangu haina uhusiano na hesabu. Binti yangu alichafuka sketi darasani, wavulana wakacheka, akakaa nyumbani siku nne. Mtoto wako akikataa kwenda shule ndipo utanielewa.

Mzazi, Manyatta

Pole sana, dada. Hilo linaniuma. Vipindi vya kufundisha hedhi na kubalehe wacha vianze kwa makundi mawili, nakubali kwa moyo wote. Kisha wavulana nao wafundishwe hedhi ni nini, maana hao hao atakutana nao langoni na njiani. Lakini pia tuulize sodo ziko wapi. Tangu sheria ya elimu ya msingi irekebishwe mwaka 2017, serikali inatakiwa kuwapa bure wasichana waliobalehe. Na choo cha wasichana kina mlango usiofunga tangu muhula uliopita. Hilo hakuna aliyelisema Jumamosi.

Mwalimu mstaafu, Bungoma

Elimu ya bure ilipoanza mwaka 2003, darasa langu la kwanza lilifurika watoto hadi dirishani. Kwa hiyo nawaelewa kuhusu wale 82. Huku kwetu na Butere-Mumias, mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Madarasa yalishuka kutoka wastani wa watoto 84 hadi 46. Shule nyingine ziligawa watoto kwa kura, nyingine kwa kiwango cha kujua. Waliogawanywa kwa kiwango walifanya vizuri zaidi, wa chini kwa wa juu, kwa sababu mwalimu alifundisha watoto waliokaribiana. Mkigawa kwa jinsia, kila chumba kitabaki na asiyejua kusoma na anayesoma gazeti. Ila msiwabandike jina la wajinga. Wapimeni upya kila muhula, wahame.

Mzazi, Manyatta

Asante, Mwalimu. Hili nitalipeleka kwa mwalimu mkuu kabla ya mkutano ujao: vyumba viwili, kiwango cha kusoma, upimaji kila muhula. Pamoja na hilo napeleka mkebe wa maziwa wenye vijiti 41 kwa kila chumba, kila kijiti na jina la mtoto. Mwalimu anachomoa kijiti, aliyetajwa ndiye anajibu, awe amepiga vidole au hajapiga. Zamu ya kufagia nayo itoke humo humo. Mikebe nimeshaisafisha. Vijiti tutavichonga Ijumaa jioni na binti yangu, na anayetaka kutusaidia kuandika majina aje na kalamu.